Mahali pa Kujificha

Bembea ile niliichomelea mimi,
mwaka theluji ilipovunja mizabibu ya Kutaisi,
kwa mabomba niliyookota kiwanda cha malori kilipofungwa.
Miguu minne, nati kumi na mbili,
rangi ya kijani iliyobaki kwenye lango la shemeji.
Watoto wa majengo matatu walipanga foleni hadi giza,
nami nikajiona nimeimaliza dunia.

Kizingiti sikukiona.
Sentimita kumi na nne za zege,
nilizimwaga mwenyewe ili maji ya mvua yasiingie uani.
Maji hayakuingia.
Tekle naye hakuingia.

Tekle, binti wa Nanuli mshonaji,
ana miaka tisa na kiti cha magurudumu
kinacholia upande wa kushoto.
Wenzake walimpa cheo: refa.
Wakicheza kibe, yeye ndiye wa kufumba macho, nje ya uzio.
Kibe! Bado.
Kibe! Bado.
Akifumbua, hana njia ya kwenda kutafuta,
ananyoosha kidole tu:
wewe, nyuma ya pipa;
wewe, soksi yako naiona.

Mwaka huu manispaa ikatoa fedha, za kupimwa kwa kijiko.
Akaja Salome mchora ramani
na utepe wa kupimia, na viatu visivyojua matope.
Tukakaa kikao uani.
Gela akataka maegesho
(Gela hutaka maegesho hata msibani).
Mzia akaukumbatia mzabibu wake, asiuguse mtu.
Mwingine akafungua katalogi yenye kasa wa plastiki.
Saa nzima watu wazima tuligombania utelezi
ambao hakuna hata mmoja wetu angeenea.
Mimi nikasema: vunjeni kizingiti, wekeni njia ya mteremko, basi.
Nikamtazama Tekle, nikingoja ahsante yangu.

Salome akachuchumaa, matope yakamfika magotini.
"Na wewe, unataka nini?"
Tekle alifikiri mpaka chai ikapoa.

"Mahali pa kujificha.
Kila mtu ananiona. Kila siku.
Nataka na mimi nitafutwe."

Hata Gela alinyamaza.

Nilikata bembea yangu kwa grinda asubuhi ya Jumatatu.
Cheche ziliruka; sitasema nililia,
miwani ya kazi ina vumbi lake.
Kwa mabomba yaleyale nikasimamisha kijumba chenye kona mbili,
mlango mpana, nafasi ya kiti kugeuka ndani,
na matundu kwenye ukuta, kimo cha jicho la aliyeketi.
Mlango wa kwanza ulipungua vidole viwili.
Ramani ilisema sawa, utepe ulisema sawa,
vifundo vya Tekle vikachubuka vikasema la.
Nikakata tena.
Changarawe tukaizoa, tukatandika sakafu ya mpira,
na njiani tukaning'iniza kengele tatu zenye sauti tatu
kwa ajili ya Ilo, ambaye macho yake huona mwanga tu.
Mzia alipata benchi chini ya mzabibu.
Gela hakupata maegesho. Bado ananuna.

Jumapili zamu ya kutafuta ni ya Ilo.
Hana haja ya kufumba macho,
lakini anayafumba; kanuni ni kanuni.
Kibe! Bado.
Kibe! Bado.
Kibe!
Kimya.

Anawakamata wote kwa masikio:
huyu kwa kikohozi, yule kwa peremende mdomoni.
Amebaki mmoja.
Anasimama katikati ya uwanja, shingo upande,
akisubiri mlio wa gurudumu la kushoto,
asijue kwamba jana jioni nimeitwa kwa siri,
na kopo la mafuta.

"Otari, umemwona Tekle?"

Ukutani, kwenye tundu la tatu,
jicho moja linacheka.

"Tekle?" nasema. "Tekle gani?"